Mkimbiaji wa Marathoni na Watu wa Nyumbani Kwake

Labda wewe mwenyewe hupendi kukimbia hata mpaka sokoni. Soma somo hili hata hivyo. Siku moja mtoto wako, au dada yako, au mwenzako wa kazi atakuja kukuambia, "Nimeandika jina langu, nitakimbia marathoni," nawe hutajua kama inafaa kucheka au kuogopa.

Marathoni ni mbio ya kilometa 42 na meta 195. Mtu mwenye afya akitembea bila kupumzika atatumia saa 8 au zaidi kuimaliza njia hiyo. Yeye anayekimbia kwa mara ya kwanza mara nyingi hutumia saa 4 au 5, na wengine 6. Zamani tulisikia habari za mbio hizi kutoka Ulaya na Marekani tu. Siku hizi zinafanywa hata karibu nasi, kama vile Kigali, Kampala, Nairobi, na Moshi chini ya mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo si neno la watu wa mbali tena.

Watu husema kwamba mkimbiaji hukimbia peke yake. Miguu ni yake, ndiyo. Lakini miezi mingi kabla ya siku ile, nani amemwachia nafasi ya kulala mapema? Nani amechota maji mahali pake? Nani atakayemwona akipepesuka njiani na kujua kwamba si uchovu tu? Katika somo hili tutafundishana kazi ya msaidizi, kwa sababu msaidizi asiyejua kazi yake anaweza kumdhuru mtu ampendaye.

MSICHANA WA NAMBA 261

Katika mji wa Boston, Marekani, mbio ya marathoni inafanywa tangu 1897. Kwa miaka mingi wanawake hawakupewa ruhusa. Watu wengi walidhani, hata waganga wengine, kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kukimbia mbali namna hiyo bila kuharibika. Mwaka 1966 mwanamke mmoja, Bobbi Gibb, aliomba ruhusa akakataliwa. Baba yake aliona shauri hili ni la wazimu. Lakini mama yake alimpeleka kwa gari mpaka karibu na mahali pa kuanzia. Gibb akajificha kichakani, akaingia katikati ya wakimbiaji bila namba, akamaliza kwa muda wa saa 3, dakika 21 na sekunde 40. Wanaume wengi walikuwa nyuma yake.

Mwaka uliofuata alikuja msichana mwingine, Kathrine Switzer, mwanafunzi wa miaka 20 wa chuo kikuu cha Syracuse. Hapo chuoni palikuwa na mpeleka-barua mmoja, jina lake Arnie Briggs, mtu wa makamo, aliyekwisha kukimbia Boston mara 15. Alikuwa akikimbia na msichana huyu jioni, hata wakati wa theluji, na kumsimulia habari za mbio za zamani. Siku moja msichana akasema, "Basi, twende tukaikimbie." Briggs alikataa. Hata yeye aliamini kwamba mwanamke hawezi. Lakini alisema neno la haki: ukinionyesha katika mazoezi kwamba unaweza, mimi mwenyewe nitakupeleka. Majuma machache kabla ya mbio walikimbia pamoja urefu wa marathoni yote. Msichana akaona angali ana nguvu, akaomba waongeze. Wakafika karibu kilometa 50, na mwishoni ni mzee aliyezimia! Tangu siku ile Briggs hakuwa na shaka tena. Yeye ndiye aliyemhimiza aandike jina lake kama watu wote.

Tarehe 19 Aprili 1967 walianza mbio katika baridi kali: Switzer mwenye namba 261, Briggs, na vijana wawili wa chuo. Baada ya kilometa chache tu mkubwa mmoja wa mbio akaruka kutoka kwenye gari, akamshika msichana, akataka kumnyang'anya namba yake. Briggs alijaribu kumzuia, hakuweza. Ndipo Tom Miller, mchumba wa msichana, mtu mnene mwenye nguvu nyingi, akampiga kikumbo yule mkubwa akaanguka kando ya njia. Picha za jambo hili zilienea duniani pote.

Sasa angalia yaliyofuata, maana hayasimuliwi mara nyingi. Miller alikuwa hodari wa kurusha nyundo, lakini hakufanya mazoezi ya mbio ndefu. Alidhani kwamba msichana akiweza, yeye hatashindwa. Kisha alimkasirikia mchumba wake kwa taabu aliyomletea, akamwacha, akatangulia mbele. Mbele zaidi walimkuta amechoka kabisa, anatembea. Yule mzee mpeleka-barua hakuwa na kifua kama cha Miller, lakini alikuwa amekimbia na msichana miezi mingi, na alibaki pamoja naye. Switzer akamaliza kwa muda wa karibu saa 4 na dakika 20. Mwaka 1972 wanawake wakaruhusiwa Boston. Mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 70, Switzer alikimbia tena njia ile ile na namba ile ile 261, akatumia saa 4, dakika 44 na sekunde 31.

Msukumo wa Miller ulikuwa msaada wa dakika moja. Ulifaa. Lakini msaada unaomfikisha mtu mwisho ni ule wa Briggs.

KWANZA, MGANGA

Kabla ya kumsifu mkimbiaji wako, muulize maneno machache. Je, kifua kinakuuma ukipanda mlima? Umewahi kuzimia ukifanya kazi? Katika ukoo wetu kuna mtu aliyekufa ghafula angali kijana? Hapa ndugu wana faida kubwa, maana pengine ni mama mkubwa au mjomba tu anayekumbuka kifo cha namna hiyo. Jibu likiwa ndiyo, aende kwa mganga wa hospitali kwanza. Na mtu mwenye ugonjwa wa moyo, wa sukari, wa damu kupanda, wa selimundu, au anayemeza dawa za kifua kikuu, asianze bila shauri la mganga.

Tena kuna homa. Usikubali mtu wa nyumba yako akimbie na homa, hata kama amesema ni kidogo tu. Katika nchi yetu homa yaweza kuwa malaria. Apimwe damu, atibiwe, apumzike mpaka nguvu zimerudi. Siku za mazoezi zilizopotea si hasara kubwa. Mtu aliyeanza vizuri hapotezi yote kwa juma moja.

KAZI YA NYUMBANI

Mtu asiyezoea kukimbia asichague marathoni ya miezi mitatu ijayo. Ajipe mwaka mzima. Kwanza atembee na kukimbia kwa zamu, kisha akimbie nusu saa, kisha saa nzima. Yeye anayeweza tayari kukimbia saa moja kwa utulivu anahitaji majuma 16 mpaka 20 ya kujitayarisha. Hukimbia siku tatu au nne katika juma, na siku moja kati ya hizo huwa ya mbio ndefu. Ile ndefu huongezwa polepole, kutoka kilometa 12 hata 30 au zaidi kidogo, na kila juma la tatu au la nne hupunguzwa ili mifupa na misuli ipate kupona. Majuma mawili au matatu ya mwisho hupunguza sana. Siku hizo mkimbiaji huwa na wasiwasi, hudhani nguvu zinamtoka, hutaka kutoroka nyumbani akakimbie kwa siri. Mzuie kwa upole.

Mazoezi mengi yawe ya mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza. Hapa ndipo rafiki afaapo kuliko saa ya mkononi. Mkikimbia wawili na mwenzako hawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema, mwambie apunguze. Kama wewe huwezi kukimbia, mfuate kwa baiskeli ukichukua maji na ndizi. Asubuhi kabla ya mapambazuko asiende peke yake, hasa akiwa mwanamke. Na wote wavae nguo nyeupe au kitambaa kinachoonekana, kwa ajili ya pikipiki na magari.

Lakini kuna neno gumu zaidi, nalo ni kazi za nyumba. Mbio ndefu ya saa tatu inaharibu asubuhi nzima, na mchana mkimbiaji hafai kitu. Baba akikimbia, mara nyingi watu wa nyumbani humwachia bila kuulizwa. Je, mama akikimbia? Nani atachota maji, nani atakaa na mtoto mchanga, nani atasonga bugali? Ikiwa amelima tangu asubuhi hata saa sita, kisha jioni anakwenda kukimbia, mwili wake umefanya kazi mbili. Huyu ataumia goti au atapungukiwa damu, kisha watu watasema, "Tulimwonya." Afadhali kukaa chini kabla ya kuanza, mume na mke, na watoto wakubwa na wakwe pia, mkagawanya kazi kwa majina na kwa siku. Kama hamwezi kugawanya mwaka huu, msidanganyane. Kilometa 10 ni mbio njema vilevile.

Chakula si cha ajabu. Bugali, wali, viazi na ndizi humpa nguvu. Maharagwe, samaki, mayai na karanga hujenga misuli. Sombe na mboga nyingine husaidia damu. Mwili huweka akiba ya nguvu katika misuli na ini, na akiba hiyo kwa watu wengi hukaribia kwisha penye kilometa 30 hivi. Ndiyo maana siku mbili tatu kabla ya mbio anapaswa kula zaidi vyakula vya kwanza tulivyotaja. Siku yenyewe ale saa tatu kabla ya kuanza, chakula kidogo alichozoea. Dada mwenye mapenzi mengi asimletee pilipili, wala nyama ya mafuta, wala kinywaji kipya alichosifiwa dukani. Viatu navyo viwe vile alivyofanyia mazoezi. Viatu vipya vya zawadi humletea malengelenge kabla ya nusu ya njia.

KANDO YA NJIA

Ninyi mliokuja kumtazama, msikae wote mahali pa kuanzia. Pale kila mtu ana nguvu. Nendeni kwenye kilometa 30 hata 38. Mpatane mapema: tutasimama upande wa kuume, tutakuwa na kitambaa chekundu. Mkimbiaji aliyechoka haoni vizuri, na akikosa kuwaona atavunjika moyo. Mwiteni kwa jina lake. Msiseme "Umekwisha kufika!" ikiwa kilometa 10 zimebaki. Anajua hesabu, na uongo huo unamchosha. Semeni, "Tumekuona, endelea hivyo hivyo."

Ulizeni pia sheria za mbio. Mahali pengi haruhusiwi mtu mwingine kukimbia naye au kumshika. Mwaka 1908, katika michezo ya Olimpiki ya London, Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani wa kwanza. Lakini joto na uchovu vilikuwa vimemzidi. Alipotea njia, akaanguka mara kadhaa, na kila mara wasimamizi wakamwinua kwa huruma, mpaka wakamvusha mstari. Kwa sababu ya msaada ule aliondolewa, na ushindi ukapewa Mmarekani Johnny Hayes. Malkia Alexandra alimpa Pietri kikombe cha fedha iliyopakwa dhahabu ili kumfariji. Watu hukumbuka kikombe. Waganga hukumbuka kwamba mtu anayeanguka na kuinuliwa tena na tena hakupaswa kuinuliwa ili akimbie. Alipaswa kulazwa kivulini.

HATARI MNAZOPASWA KUZIJUA

Ya kwanza ni maji mengi mno. Unashangaa? Tumefundisha siku zote watu wanywe maji. Lakini mtu anayekimbia polepole kwa saa tano, na kila rafiki anampa kikombe, anaweza kunywa kuliko jasho linalotoka. Chumvi ya damu inapungua, na ubongo unavimba. Mwaka 2002 mwanamke wa miaka 28 alikufa hivyo katika marathoni ya Boston. Waganga waliwapima damu wakimbiaji 488 wa mbio hiyo, na 13 katika kila 100 walikuwa na upungufu huo, wengi bila kujua. Basi anywe akisikia kiu, asilazimishwe. Njia rahisi ni kumpima uzito kabla na baada ya mbio ndefu ya mazoezi. Akirudi amezidi uzito, amekunywa mno. Dalili za hatari ni kichwa kuuma, kutapika, vidole na uso kuvimba, kuchanganyikiwa, na kifafa. Usimpe maji tena. Mpeleke kwa waganga upesi, ukawaambie alivyokunywa.

Ya pili ni joto la mwili. Joto linapanda kupita digri 40, na mtu anaanza kupepesuka, kusema maneno yasiyo na maana, hata kugombana na wanaomsaidia. Usingoje gari. Iteni waganga wa mbio, na papo hapo mpelekeni kivulini, mwondoeni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima au mmlaze ndani ya beseni kubwa la maji baridi, na kumpepea. Apozwe kwanza, kisha asafirishwe.

Ya tatu ni moyo kusimama. Jambo hili ni haba sana. Katika wakimbiaji karibu 10,900,000 wa marathoni na nusu-marathoni huko Marekani, tangu Januari 2000 hata Mei 2010, mioyo ya watu 59 ilisimama, na 42 wakafa. Lakini likitokea, dakika chache zinaamua. Mtu ameanguka, haitiki, hapumui vizuri: piga kelele ya msaada, weka mikono miwili katikati ya kifua chake, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka waganga wafike na mashine ya kustua moyo. Usiogope kumwumiza. Ombeni wauguzi wa hospitali iliyo karibu nanyi wawaonyeshe namna yake kabla ya siku ya mbio.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki msimpe kabla wala wakati wa mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizi zinaweza kudhuru figo.

Na kazi iliyo ngumu kuliko zote ni kumwambia mtu aache. Amejitayarisha mwaka mzima, shemeji zake wamesafiri kuja kumwona, na wewe unaona macho yake si mazuri. Mpatane mapema, angali na akili timamu, nani mwenye haki ya kumsimamisha. Achague mtu mmoja anayemheshimu. Mtu huyo akisema basi, ni basi, wala jamaa wengine wasimpinge pale njiani.

BAADA YA MSTARI

Akimaliza, asikae chini mara moja. Atembee polepole, maana damu imejaa miguuni, na akisimama ghafula anaweza kuzimia. Akianguka baada ya mstari akiwa na akili zake, mlaze na kuinua miguu yake, mara nyingi hupata nafuu kwa dakika chache. Mfunike kwa kitenge, hata kama jua linawaka, kwa sababu jasho linapoza upesi. Kiti cha pikipiki si mahali pake siku hiyo. Tafuteni gari. Baada ya muda apate mchuzi wenye chumvi, na chakula anachotamani.

Siku mbili au tatu atashuka ngazi kinyumenyume. Watoto watacheka, na waache wacheke. Kucha za miguu zinaweza kuwa nyeusi na kung'oka; zitaota tena. Lakini mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au usipotoka kabisa, aende hospitalini siku ile ile, kwa maana misuli iliyochoka sana inaweza kuziba figo.

Kazi zenu za nyumba mlizozigawanya, msimrudishie zote kesho yake asubuhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika ukoo wenu, nani anajua habari za watu waliokufa ghafula? Mmewahi kumwuliza?
2. Binti yenu mwenye watoto wawili anataka kukimbia mwaka ujao. Andikeni kazi zake za juma moja. Zipi zitachukuliwa na nani?
3. Penye kilometa 35 mjomba anashika chupa mbili za maji, anamlazimisha mpwa wake azimalize. Mtamwambiaje mjomba bila kumvunjia heshima?
4. Kama ni wewe unayekimbia, utampa nani haki ya kukusimamisha? Mwambie leo.